Dakika Saba za Nyanya

Juzi mpwa wangu alikuwa akifupisha video ya harusi kwenye simu. Anaburuta kidole, kipande kinatoweka, anacheka. "Anti, hii ya wazee wakiongea haina stori. Nakata." Nilimnyang'anya simu kwa ukali hadi akashtuka. Mtoto simlaumu. Hasira yangu ni ya zamani, na wewe rafiki yangu uliyewahi kukaa mbele ya deki ya video miaka ya tisini utanielewa.

Babu alipofariki tulimzika nyumbani, upande wa Rangwe. Baba mdogo, ambaye alifanya kazi Homa Bay mjini na alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, alimleta mpiga video kutoka Migori. Sisi watoto tuliacha mitungi kisimani tukamfuata kila alikokwenda, moshi wa kuni na harufu ya samaki wa kuchemsha vikitufuata sisi pia. Nyanya alivaa koti la babu, akashika fimbo yake, akazunguka boma akimlilia kwa sauti kama wajane wa kwetu walivyofanya. Lakini hakulia tu, alimgombeza. Alimuuliza ni nani sasa atalalamika kwamba chai haina majani. Alimkumbusha alivyomtoa kwao Ndhiwa kwa baiskeli, mnyororo ukakatika, bibi harusi akaingia kwake akiisukuma. Watu walilia na kucheka kwa pamoja.

Likizo ilipoanza nilienda kukaa kwa baba mdogo, naye akaamua kuisafisha ile video. Aliazima deki ya pili, akaziunganisha kwa nyaya. Hii inacheza mkanda wa mazishi, ile inarekodi kwenye kaseti mpya. Sehemu asiyoitaka ikija, anabonyeza pozi kwenye deki inayorekodi, anangoja ipite, anaachilia. Basi, hakuna zaidi. Aliondoa mahali mpiga video alisahau kuzima akarekodi viatu vyake mwenyewe, akaondoa mbwa waliopigana karibu na jeneza. Tulicheka sana. Kisha nyanya akatokea na lile koti, na baba mdogo akabonyeza pozi.

"Hii mambo ya kienyeji washiriki wa kanisa hawawezi ona," alisema.

Nyanya alizunguka boma kwenye televisheni dakika saba nzima, kidole cha mwanawe kikiwa juu ya kitufe. Halafu, kana kwamba hiyo haikutosha, aliuchukua ule mkanda wa kwanza, akabandika selotepu kwenye tundu lake ili ukubali kurekodi upya, akajaza kwaya juu yake. Kwa nini? Kwa nini asiuache ukae hata chini ya kitanda? Pozi ningemsamehe. Ile selotepu sijamsamehe hadi leo.

Jumapili tulipeleka jenereta nyumbani. Nyanya aliketi mbele kabisa, amefunga kitambaa kipya kichwani, kwa sababu aliambiwa atajiona. Jeneza likapita, mahubiri yakapita, kaburi likafukiwa, mkanda ukaisha.

"To an, an kanye?" aliuliza. Na mimi je, niko wapi?

"Mama, betri ya kamera iliisha," baba mdogo akamjibu bila kupepesa macho.

Nilijua ukweli, nikanyamaza. Hilo nalo linaniuma. Nyanya alimpa pole mwanawe, eti kumleta mtu kutoka Migori na mzigo wote ule si mchezo, kisha akamwomba kitu kimoja tu: siku yake ikifika, waje na betri za kutosha.

Walikuja nazo. Tulipomzika, kamera haikuzimwa tangu asubuhi hadi watu wakatawanyika, na baba mdogo hakukata hata mbwa. Siku hizi wajane wa kwetu wanalia kimya wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki, na makoti ya waume zao hugawiwa tu. Mikanda ya mazishi ya nyanya ninayo mimi, nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kila mtu anaongea humo isipokuwa yeye.