Mtaa wa Nyuma ya Reli

Ilipita miaka mingi kabla sijajua kuwa nina hasira na mji ule, kwa sababu watu wake walinitendea wema.

Ulikuwa mji mdogo katikati ya Marekani, mbali na bahari yoyote. Nilifika pale bado bibi harusi, nimemfuata mume wangu aliyekuwa akisoma chuo cha jirani. Ukisimama mbele ya mahakama yao uliuona mji wote: barabara moja kubwa, maduka ya matofali mekundu huku na huku, makanisa, na mwisho kabisa maghala marefu ya mahindi. Watu walitupungia mkono kutoka kwenye magari bila kutujua. Siku tuliyohamia, jirani alituletea pai ya tufaha, na aliporudi kuchukua sahani yake akaniuliza kama kwetu Maskati, huko Omani, kuna barabara. Nikamwambia zipo. Alifurahi kwa ajili yangu, tena kwa moyo safi.

Walijivunia matofali yao kuliko kitu chochote. Kila aliyenitembeza mjini alinigusisha ukuta. Udongo ni wa hapa, yamechomwa hapahapa, mji huu tumeujenga kwa mikono yetu. Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa pia kwenye kibao cha kukaribisha wageni. Kila mwaka, kiangazi kikielekea kwisha, walifanya sherehe ya mji. Watoto walivaa nguo za kizamani, wakaigiza waanzilishi wanaoshuka kwenye magari ya farasi na kuikuta ardhi tupu, haina mtu. Nami nilipiga makofi pamoja nao.

Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mjane mmoja. Mume wangu akishinda chuoni, mtu wangu alikuwa yeye. Alinifundisha kuendesha gari kwenye theluji, mimi nikampikia pilau akala mpaka akalegeza mkanda. Theluji ilipoyeyuka alinichukua tukatembee ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa nyasi uliokuwa ukifanyiwa ile sherehe. Katikati ya nyasi nikaona vidato vya saruji vinapanda, halafu basi, juu yake hakuna kitu.

"Hapa palikuwa na mlango wa mtu," alisema.

Kisha akanihadithia. Pale palikuwa na mtaa mzima wa watu weusi. Wanaume wa mtaa ule ndio waliochimba udongo na kuyachoma matofali ya mji wote. Tanuru lilipofungwa, wanaume wa mjini walipita nyumba hata nyumba, wakawaambia watu wawe wamehama kabla ya Jumapili. Nyumba mbili tatu zilitiwa moto ili wengine wafanye haraka.

"Baba yangu alikuwa miongoni mwa waliogonga milango," alisema. "Mimi nilikuwa mtoto, nimekaa garini namngoja."

Hakulia. Alifunga vifungo vya koti lake, akasema, "Binti yangu hapendi niyaseme haya."

Tulirudi Maskati, tukajenga nyumba Al Amerat, ng'ambo ya milima ya mji, watoto wakakua. Mjane yule alifariki na nikamlilia kama mtu wa kwetu. Sikutegemea kumwona binti yake, mpaka msimu huu wa baridi alipoandika kuwa yumo katika meli ya watalii itakayotia nanga Matrah, na angependa kunitembelea. Nilimfuata bandarini, nikampandisha kwa njia ya mlimani mpaka nyumbani. Njia nzima aliisifu nchi. Alisema ni ajabu, mahali palipokuwa jangwa tupu pamegeuka hivi. Nilimwacha aseme, ni mgeni.

Nyumbani nilikuwa na mama yangu, ambaye alitoka Unguja akiwa msichana, katika misukosuko ile ya Mapinduzi iliyotutawanya. Anazungumza Kiswahili na Kiarabu tu, kwa hiyo nilikaa katikati yao nikifasiri. Tukatoa halwa, mandazi na kahawa. Mgeni akasema amestaafu ualimu, na sasa ndiye msimamizi wa makumbusho ya mji wao. Ameandika hata kitabu cha historia ya mji. Akanipa nakala.

Nilikifungua palepale. Mahakama imo, makanisa yamo. Tanuru la matofali lina sura yake nzima, na picha ya mwenye tanuru na masharubu yake.

"Na waliokuwa wakiyachoma?" nikauliza.

"Vibarua," alisema. "Walikuja kwa ajili ya kazi, ilipokwisha wakaondoka. Watu huhama."

Mama akanigusa goti. "Anasemaje?"

Nikamfasiria, pamoja na kisa cha ule mtaa, maana hakupata kukisikia. Mama akaweka kikombe chini.

"Muulize," akasema, "waliondoka, au walitolewa? Maana na mimi nnasikia watu wanasema niliondoka."

Nikayafikisha maneno kama yalivyo, nikamweleza na mama alivyotoka Unguja. Mgeni alibadilika uso. Akasema anampa mama pole kwa yaliyomfika, lakini haya si sawa na yale.

"Mama yako alinipeleka kwenye vidato," nikamwambia. "Aliniambia babu yako aligonga milango."

Alisogeza kando sahani ya halwa. "Mama alikuwa mtu mzima," akasema. "Mwisho wake alichanganya mambo."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mwanamke aliyenifundisha kuendesha gari hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa na akili zake timamu, na aliyabeba yale maisha yake yote katika mji ambao hakuna aliyetaka kumtua. Sasa amelala kaburini, na binti yake wa kumzaa anamfanya kichaa ili sura ya kitabu isiharibike. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia kuwa makumbusho yake ni duka la kuuzia uongo, na kwamba ukuta ule walionigusisha, laiti ningejua, nisingeugusa. Kwetu mgeni hapaaziwi sauti, na angekuwa mgeni mwingine mama angenikanya kwa jicho tu. Siku ile alikaa wima, ushungi umetulia begani, na niliona kuwa anafurahi.

Mgeni akachukua mkoba wake. Alizungumza taratibu, kama mwalimu. "Nilisoma kidogo kabla ya safari. Mashamba ya karafuu ya huko Zanzibar, mlikuwa mkiyalima wenyewe?"

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema meli itamwacha."

Nikamrudisha bandarini. Aliposhuka hakunipa mkono, wala mimi sikuutaka.

Niliporudi, mama alinipokea kwa bashasha. "Umemweza," alisema. "Umefanya vyema. Watu hao wakiachwa watatufuta sote."

Ningenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini hasira ilikuwa bado haijanitoka, nikamwambia swali aliloliuliza mgeni hasa. Bashasha ikamtoka.

"Yeye anajua nini?"

"Na wale waliomlimia babu, wakilala uwani kwake, mama? Kila ukituhadithia nyumba ya Unguja, tunasikia milango ya nakshi, tunasikia mikarafuu, na siku mliyotolewa. Wao mbona hatuwasikii?"

"Wale walikuwa watu wetu."

"Watu wenu vipi?"

Alinyanyuka, akaingia chumbani kwake. Wiki nzima alinijibu salamu na hakuongeza neno. Kaka yangu alinipigia kutoka Al Hail akanambia nimemvunjia mama heshima, mwanamke aliyepoteza kila kitu, na tena kwa maneno ya mzungu. Nikamwambia maneno ni yangu. Dada yangu akasema niombe radhi. Niliomba radhi kwa sauti niliyotumia. Kwa swali sikuomba.

Ijumaa dada yangu alikuja kula kwetu. Baada ya chakula, watoto wameshatawanyika, mama akaanza mwenyewe, anatazama dirishani.

"Aliyenilea alikuwa akilala chini, kwenye mkeka, mlangoni mwa chumba changu. Alikuwa na watoto wake, na sikupata kujua usiku wanalala na nani. Siku ile tulipotoka, alisimama na ndoo mkononi anatutazama. Hatukumuaga. Baba alisema tutarudi."

Nilingoja aendelee. Akaniambia mchuzi leo chumvi imezidi, niondoe sahani.

Wengine wangesema afadhali, hatimaye amesema. Mimi sikupata afueni yoyote. Nilimkasirikia kwa miaka yote aliyonyamaza, na kwa hadithi tamu alizotulaza nazo. Nikamkasirikia yule mgeni, ambaye uovu wake haukumzuia kuuliza swali la haki, na mji wake wenye pai na mikono ya kupunga. Niliosha vyombo kwa vishindo, mpaka dada yangu akaja jikoni, akafunga bomba na kunipokonya sufuria.