Bipu Moja Asubuhi

Bwana yangu aliikausha simu yangu juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kama watu wanavyokausha samaki. Mutoto wetu mdogo alikuwa ameitafuna mchana kutwa, mate yakaingia chini ya vitufe, ikawa inaandika nne, nne, nne, hata ukibonyeza wapi. Nilimwambia bwana yangu aiweke dirishani ipate upepo, mimi nikaenda mtoni kufua. Niliporudi nyumba nzima ilinuka plastiki. Simu ilikuwa imejikunja katikati kama kandambili iliyosahauliwa karibu na moto, na yeye alikuwa anaigeuza kwa kijiko.

"Iko karibu kukauka," akasema.

Nilimaliza sekondari kwa masista. Maneno niliyomjibu siku ile hawakunifundisha wao.

Kama ingekuwa simu ya kupiga hadithi na marafiki, ningenyamaza. Lakini ile simu njo ilikuwa inaniambia kila asubuhi kama binti yangu wa kwanza yuko hai. Sisi tulikuwa tunakaa Walikale, kwao na bwana yangu. Binti yetu alikuwa Nyamitaba, upande wa Masisi, kwa mama yangu, yule watoto wanamwita Koko. Alienda kumsalimia wakati wa likizo kubwa. Wanaume wenye bunduki wakafunga njia. Likizo ikaisha, shule ikaanza, mutoto akabaki kule. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama ninakubali. Watu wanapigania vilima ambavyo hawajawahi kuvilima, na mimi njo ninakosa kichwa cha mutoto wangu cha kusuka.

Mama hakuwa na pesa ya inite za kupiga simu ovyo, na rezo ya simu kwao inapatikana mahali pamoja tu, juu kwenye malisho ya ng'ombe. Kila asubuhi akipanda kukamua, anaiwasha simu yake, ananibipu, anaizima tena ili betri isiishe. Tulikuwa tumepatana. Ikilia mara moja na kukatika: wamelala salama. Mara mbili: kuna mgonjwa. Mara tatu, moja nyuma ya nyingine: wamekimbia kijiji, nikawatafute Kashuga, kwenye kambi ya wakimbizi, nyuma ya kanisa. Bipu haili inite hata moja. Mimi nilikuwa na sharti moja tu: nisipokee. Nikipokea, zile inite kidogo alizoziweka kwa siku ya shida zinaisha bure.

Basi kesho yake tukaenda butiki, ng'ambo ya kijito, kwa Papa mmoja mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye kutundika rozari yake kwenye msumari mmoja na chaja za kuuza.

"Zile simu ndogo zimekwisha, Mama," akasema. "Lori yangu imelala mu matope. Niko na androidi moja tu, ya okazio, iliyotumika. Imetoka Ulaya."

"Ulaya wapi?"

"Ulaya, Mama. Unataka na namba ya nyumba?"

Bwana yangu alilipa kwa bidoni ya mawese aliyokuwa anaiweka auze anunue koti. Nilimwangalia vizuri alipokuwa anaisukuma juu ya meza. Hakuguna, na mimi sikumwonea huruma.

Karti yangu ya zamani, iliyopona moto, ilikuwa kubwa kuliko tundu la simu mpya, kwa hiyo Papa akatoa mkasi. Namba yangu ilikuwa ndani ya kale kaplastiki, na Mama hakuwa na namba nyingine yangu ya kubipu.

"Papa, ukikata vibaya, mimi pia nitakukata."

"Mama, niliisha kukatia wakubwa wa jeshi karti zao na wakaniacha muzima. Wewe utaniweza?"

Alikata. Ikaingia. Kioo kikawaka, na jina la kwanza kutokea lilikuwa Mama. Nikapumua.

Sasa niseme ukweli: niliipenda ile simu, na nilikasirika kwamba ninaipenda. Nilitaka kujua kila kitu kilichokuwa ndani. Mwenye kuitumia zamani alikuwa amesahau picha moja, ya mbwa. Mbwa amelala kwenye kitanda cha muntu, amefunikwa blanketi mpaka shingoni. Niliitazama ile picha mara nyingi kuliko inavyofaa. Nani alimfunika? Alikuwa mgonjwa? Na usiku muntu mwenyewe alikuwa analala wapi? Bwana yangu, ambaye kwao mbwa ni wa kuwinda na hapiti mlangoni, alisema huyo ni mbwa wa chefu wa kijiji. Nikamwambia hata chefu wa kwenu hana blanketi kama ile.

Kisha kulikuwa na mambo ya kidole. Papa wa butiki alikuwa ameniambia, "Unagusa tu, taratibu." Nikagusa taratibu. Haikusikia. Nikagusa kwa nguvu. Haikusikia. Vidole vyangu vilikuwa vya jembe na vya kumenya mihogo, ngozi yake ngumu kama soli, na ile simu ya Ulaya haikuvitambua kuwa vidole vya muntu. Nilijipaka mafuta, nikavilowesha, hakuna. Siku moja mutoto akiwa mapajani akanyoosha kale kadole kake laini, akakaburuta juu ya kioo, na simu ikafunguka yote, mbwa na blanketi.

Basi tukafanya kazi hivyo. Nikitaka kuifungua ninakamata mkono wa mutoto, ninachagua kidole, ninakiburuta. Alijifunza haraka. Baada ya siku chache hakungoja nimshike: kioo kikiwaka tu, yeye anaburuta. Bwana yangu alimwita sekretere wangu. Nilicheka, na bipu ya asubuhi ilipoingia niliishika simu juu sana, mutoto asiifikie, mpaka ikatike. Moja. Wamelala salama.

Shida ya ile simu ilikuwa njaa. Ile ndogo ilikuwa inakaa karibu juma zima bila chaji. Hii ilikuwa inakufa kabla ya jioni. Tukawa tunaipeleka kule kule butiki, Papa alikuwa na vibao vya jua juu ya mabati yake. Simu za mtaa mzima zilikuwa zinalala pale kwenye ubao, zimewashwa, lakini amezinyamazisha zote, maana zikilia pamoja alikuwa anasema kichwa kitampasuka.

Nikaiacha pale jioni moja. Usiku ikaja mvua. Siyo mvua ya kupita: ile ya msituni, inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kijito kikapanda, kikabeba miti ya daraja, na sisi tukabaki upande wetu na simu yangu upande wake. Siku tatu sikuweza kuvuka. Kila asubuhi nilisimama mbele ya yale maji ya rangi ya chai nikayatukana. Wanawake wengine walidhani ninasali.

Maji yaliposhuka, mchana wa siku ile ya tatu, nilivuka na mutoto mgongoni, nguo imefungwa juu ya magoti.

"Jua ilikataa," Papa akaanza kabla sijafungua mdomo. "Betri yangu kubwa imezishika tu zisizime, hazikujaa. Nifanye nini? Nipande kuisukuma?"

Nikachukua simu. Kwenye kioo, kwa Kifaransa ambacho masista walinifundisha vizuri sana, kuliandikwa kwamba nimekosa simu tatu. Pembeni: Mama.

Nilikaa chini pale pale, juu ya gunia la chumvi.

"Zimeingia lini? Papa, zimeingia lini?"

"Mimi sikuangalia, Mama. Ningeangalia telefone ya muntu?"

Nikampigia Mama. Simu yake ilikuwa imezimwa, kama inavyokuwa siku zote ng'ombe wakiisha kukamuliwa. Akajibu yule mwanamke wa kwenye mashine, na sauti yake ya kuogeshwa, akaniomba nijaribu tena baadaye. Nikajaribu tena. Akarudia maneno yale yale bila hata kubadili pumzi. Ningempata, ningemfundisha adabu.

Bwana yangu alikuwa anapasua kuni nilipofika nyumbani. Nikamwonyesha.

"Ngoja kesho asubuhi," akasema. "Mama atabipu, tutajua."

"Kesho asubuhi! Mutoto wako analala kwenye majani huko, na wewe unaniambia kesho asubuhi? Njo wewe uliyekausha simu juu ya makaa!"

Akatia shoka chini, akaenda kutafuta pikipiki ya kunipeleka Kashuga. Motari, mwenye kuiendesha, alikataa kutoka saa ile, kwa sababu ya vizuizi njiani, akasema tutaondoka kukipambazuka. Nikafunga mzigo: chikwange ya mihogo ya kula njiani, blanketi, na gauni nililomshonea binti yangu kwa ajili ya kuanza shule. Nililikunjua, nikalipima kwa macho, nikalikunja. Sikujua tena mutoto amefika urefu gani. Njo kitu kilichonishinda usiku ule kuliko bunduki zote.

Asubuhi motari alikuwa mlangoni, anapasha injini moto. Mutoto nimemfunga kifuani, kwa sababu mzigo ulikuwa mgongoni. Simu mkononi. Ikalia.

Mama.

Sikufurahi. Nilianza kuhesabu. Nilikuwa ninangoja ikatike, halafu nisikie kama kuna ya pili, kama kuna ya tatu. Nikasema moyoni, ikatike, sasa ikatike. Na hapo sekretere wangu, aliyeona kioo kinawaka karibu na pua yake, akanyoosha kale kadole, akaburuta.

Upepo. Ng'ombe akalia. Kisha sauti ya mama yangu, kali kama ya siku zote:

"Ni nani anakula inite zangu?"

"Mama! Muko Kashuga?"

"Kashuga kufanya nini? Niko na ng'ombe. Kwa nini umepokea? Nani amekufa?"

"Ulibipu mara tatu, Mama! Tatu!"

"Mimi? Nilibipu moja. Na jana moja. Na juzi moja. Kila siku moja! Masista walikufundisha nini kama haujui kuhesabu?"

Nikaelewa nikiwa nimesimama pale, mdomo wazi. Simu ilikuwa imejumlisha. Nilipokuwa ninatukana kijito, yenyewe ilikuwa imelala kwenye ubao wa butiki inakusanya asubuhi tatu za salama, na iliponiona ikanikabidhi zote kwa mkono mmoja. Simu inayojua kuweka mbwa kitandani haikujua kwamba moja, na moja, na moja, kwetu siyo tatu.

"Koko, nipatie! Nipatie!" Ilikuwa sauti ya binti yangu, imekuwa nzito kidogo. "Mama! Mama, ule mbuzi wetu mweupe ame—"

Inite zikaisha.

Motari akauliza, "Tunaenda ao hatuendi?"

"Hatuendi."

"Na esanse ya pikipiki yenye niliisha kuchoma?"

"Ingia unywe chai."

Bwana yangu alinywa chai yake akiangalia ukuta, mabega yanamtikisika, na mimi nikamwacha acheke, ila nikamwambia asinizoee.

Lakini mbuzi amefanya nini? Amezaa? Bwana yangu alisema amezaa. Mimi nilisema amekula daftari, namjua yule mbuzi. Motari alisema mbuzi mweupe wakati wa vita hazai wala hali daftari, analiwa. Nikamwambia amalize chai yake. Nilinunua inite nikapiga, akajibu yule mwanamke wa sauti ya kuogeshwa. Siku nzima nililima, nikapika, nikaosha mutoto, na kila mara nilisimama katikati ya kazi: ame-nini?

Kesho yake nilikaa mlangoni kabla jua halijatoka, simu juu ya goti, mikono yote miwili ya mutoto nimeikamata ndani ya mkono wangu mmoja. Alilia, nikamwacha alie. Simu ikawaka. Ikalia mara moja, ikakatika.

Wamelala salama. Nikangoja kidogo, labda ataongeza. Hakuongeza. Katika mapatano yetu yote na Mama, hatukuweka bipu ya mbuzi.