Kila Ijumaa Binti Yangu Anavikwa Taji la Utulivu

Admin, sijui umri wako, kwa hiyo chagua mwenyewe kati ya shikamoo na mambo. Jina langu lifiche, na la mtoto usilitaje. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Mabatini hapa Mwanza, ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Nina mume na binti mmoja wa miaka mitano anayesoma chekechea. Mniwie radhi nikiandika kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Siku hizi ndivyo nilivyo.

Mwanzoni mwa mwaka nilijifungua mtoto wa kiume akiwa ameshafariki. Kwetu mtoto wa namna hiyo hawekewi msiba. Hakuna turubai, hakuna watu kulala. Wanawake wachache wa ukoo wanamzika, kisha unaambiwa usilie, utapata mwingine. Sikulia. Mpaka leo sijalia, na sijisifu, ni kwamba hakuna kinachotoka. Chakula nikiwekewa nakula, kitambaa nikiletewa nashona. Mume wangu akiongea naona mdomo unacheza tu.

Huyu binti yangu zamani alikuwa chiriku. Asubuhi alikuwa analipigia hodi tumbo langu, anamwimbia mdogo wake nyimbo za shule, anamsimulia nani kamnyang'anya penseli. Niliporudi kutoka hospitali mikono mitupu, akauliza mtoto yuko wapi. Mimi nikageukia ukutani. Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kutoka Misungwi kuniuguza, akamvuta jikoni. Sikusikia alichomwambia. Nilichoona ni kwamba tangu siku ile mtoto alinyamaza, nami nikashukuru, sitawadanganya.

Sasa mwalimu wake ni mwalimu mzuri, naomba mtu asimtukane kwenye komenti. Fimbo hashiki kabisa. Yeye ni nyimbo, makofi na kuwasifia watoto, na darasa lake linapendeza kweli. Kila Ijumaa mtoto aliyetulia kuliko wote anavikwa taji la karatasi ya manila lenye nyota, wenzake wanamwimbia, anarudi nalo nyumbani. Binti yangu amelichukua wiki baada ya wiki. Baba yake anayabandika ukutani juu ya televisheni. Akirudi kutoka gereji Igoma, mafuta mikononi, kitu cha kwanza anatazama ule ukuta. Humu ndani hakuna kingine kinachomfanya atabasamu.

Wiki iliyopita nakwenda kumwamsha mtoto nimvishe sare, nakuta mto umelowa usaha. Sikio. Limemuuma siku zote hizo na hajasema neno. Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Mtoto mtulivu halii, mama." Nikampeleka zahanati. Anasafishwa sikio, amekaa tu, machozi yanashuka bila sauti. Muuguzi akasema, "Jasiri huyu, wengine wangeshabomoa jengo." Na yeye akasifia. Kila mtu anasifia.

Nikaenda kwa mwalimu. Nilitaka kumwambia, mwalimu, huyu hajatulia, huyu kazimika. Kabla sijafungua mdomo akanishika mikono yote miwili. "Mama, mwanao ndiye mfano wetu. Wenzake nawaambia, kaeni kama yeye. Siku ya mahafali atasimama mbele ya wazazi, na wewe utasema maneno mawili tu, utuambie unamleaje." Nikasema asante, mwalimu. Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Nikampigia mama mkwe, nikamsalimia shikamoo, nikamweleza. Akasema, "Wenzako wanaombea watoto wao watulie, wewe unataka mtundu? Mshukuru Mungu, mkwe wangu." Mume wangu naye akasema nisimharibie mtoto furaha yake. Sina wa kumlaumu hapo, wote wanatutakia mema.

Juzi nikawa nampima gauni la mahafali. Tepu ikamtekenya kwapani, akacheka. Kile kicheko nilikuwa nimeshakisahau. Hapo hapo akaziba mdomo kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu aliyevunja kikombe. Nikamwambia, "Cheka tu, mama, hakuna atakayekugombeza."

Akatikisa kichwa. "Mtoto hataki kelele. Bibi alisema ndiyo maana hajaja nyumbani."

Kisha akaonyesha ukutani kwa kidole. "Mama, mataji yakijaa mpaka kule kwenye dirisha, ndiyo atakuja?"

Nilimwambia inua mkono, nimalize kupima. Hicho ndicho nilichoweza kusema mimi mama yake.

Mahafali ni Ijumaa hii. Gauni limekwisha, linaning'inia mlangoni. Kumbe miezi yote hii mtoto wangu alikuwa kazini, anamtafutia mdogo wake njia ya kurudi, na mimi nilidhani ana adabu. Nikimwambia ukweli, yale mataji yote yanageuka karatasi tu, na mdogo wake anakufa tena, safari hii mbele yake. Nikinyamaza, atasimama kimya mbele ya wazazi wote akimsubiri, na watu watampigia makofi. Mimi nitaambiwa nishike kipaza sauti niseme ninamleaje.

Ndugu zangu, sitaki kujua mwenye kosa ni nani. Wewe uliyewahi kumwambia mtoto wa miaka mitano kwamba mdogo wake hatakuja, hata akinyamaza namna gani, ulianza na neno lipi? Nishaurini kabla ya Ijumaa, mwenzenu nikifungua mdomo hakuna kinachotoka.