Siku Cucu Alipolala kwenye Gari la Moshi

Gari la moshi la zamani silipendi, na msiniletee sifa za filimbi yake. Nililipanda mara moja tu, likizo ya Agosti, miaka ya tisini mwanzoni. Hata leo nikimsikia mtu akililia injini za mvuke natamani kumfungia ndani ya behewa pamoja na baba yangu na mama mkwe wake.

Mama alikuwa ameondoka nyumbani tangu Mei. Baba alimuuza ng'ombe wa mama, ambaye mama alimlea tangu akiwa ndama, na hakumwambia lolote mpaka mnunuzi alipofika na kamba. Mama hakupiga kelele. Alifunga nguo zake akaenda kwa mamake, upande wa Kagio, akatuacha mimi na dada yangu mdogo tukinywa uji wa baba, mabonge matupu. Alituma ujumbe mmoja: baba aseme pole kwa mdomo wake mwenyewe, sio kwa mdomo wa wazee. Akisema, atarudi siku hiyo hiyo.

Sasa, baba yangu na neno pole! Wapi na wapi? Lakini aliposikia kwamba injini ya zamani imeng'arishwa ili ivute watu kutoka Kiganjo hadi Nanyuki na kuwarudisha jioni, akapata wazo. Tungeenda matembezi sote, mama angefurahi, na mahali fulani mbele ya Naro Moru, mlima ukiwa umejitokeza vizuri, angelisema. Wiki nzima tulimsikia akiwafanyia kuku mazoezi. "Mama watoto, ile siku nilikosea." Kuku walimsamehe bila shida.

Mama alikuja kweli. Ila alikuja na cucu, nyanya yetu, ambaye hakuwa amealikwa na mtu. Baba alipomwona alivua kofia, akaangalia viatu vyake mwenyewe, nami nikajua mambo yameharibika. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hukaa mbalimbali. Hamkazii macho, hali chakula mbele yake, na ugomvi wake na mkewe hawezi kuutaja cucu akiwa anasikia, hata kama nyumba inaungua. Na tiketi zetu zilikuwa za chumba kimoja kidogo, viti viwili vya kutazamana. Baba alijibana pembeni ili magoti yake yasiguse ya cucu.

Mlima hatukuuona. Ilikuwa ukungu na manyunyu, na tulipofungua dirisha masizi yaliingia, tukalifunga. Kwenye korido nje ya mlango wetu walijaa wazungu wenye kamera, huwezi kupita. Kabla hata ya Naro Moru injini ilikohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mfanyakazi mmoja akachungulia mlangoni. "Hakuna kutoka, tafadhali. Tunangoja injini ingine."

Tukangoja. Baba alikuwa amebeba kuku na chapati, na njaa ilimwuma, lakini hakugusa. Mama alisuka kiondo chake. Dada yangu alitafuna kwa sauti mpaka nikataka kumziba mdomo. Hewa ilikuwa nzito kwa jasho na sweta mbichi, na mvua nayo haikuonyesha dalili ya kuisha.

Ghafla cucu akapiga miayo mirefu. "Aa, mimi niko na usingizi mbaya sana," akatangaza, ingawa hakuna aliyemwuliza. Akavuta shuka akajifunika mpaka kichwani, akaegemea ukuta, na papo hapo akaanza kukoroma. Mtu gani hukoroma kabla ya kulala?

Mama aliweka kiondo chini. Akamtazama baba. Ndio wakati wenyewe, nikajisemea. Baba alikohoa kidogo, akafungua mdomo, akatugeukia sisi watoto.

"Shhh! Cucu amelala."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na cucu. Ndani ya mkunjo wa shuka niliona jicho lake, wazi kabisa, likimkodolea baba.

"Baba, cucu ha—"

"Nimesema nyamaza! Unataka kumwamsha mtu mzima?"

"Hata mkiongea hataamka," mama akasema polepole. Ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu asubuhi.

"Hapana, hapana. Wacha apumzike."

Basi tukakaa. Mguu wangu ulikufa ganzi na sikuthubutu kuusogeza. Kila nilipovuta pumzi ya kusema, baba aliinua kidole. Nilitaka kupiga mayowe, wallahi nilitaka kuvunja lile dirisha. Cucu alikoroma mpaka akachoka, akapumzika, akaanza tena kwa nguvu zaidi. Mama alingoja, macho kwa baba, na baba akaangalia mvua. Hatimaye injini ya dizeli ikaja nyuma yetu na kutuvuta kurudi tulikotoka.

Kiganjo, baba alitangulia kushuka na kikapu cha cucu, kwa heshima zake zote. Cucu akamnong'oneza mama, mnong'ono wa kusikika na kila mtu isipokuwa baba: "Nimelala mpaka shingo imekauka. Alitaka nifanye nini tena, nife?"

Mama hakucheka. Alimfunga dada yangu vifungo vya sweta, akanishika shavu, kisha akamfuata mamake kwenye gari la Kagio.

Sisi tulishika njia ya nyumbani. "Ningesema," baba akaanza. "Si uliona ningesema? Lakini cucu amelala pale, na adabu ni adabu."

Hasira ikanipanda. "Hakuwa amelala! Alikuwa anakuachia nafasi uongee!"

Baba akasimama katikati ya matope.

"Na mama yako," akauliza, "alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua," nikamjibu. "Alikuwa anakungoja."