Siku Niliyomsema Meya Nikiwa na Baiskeli Yake

Haya, nitasema mwenyewe, kabla shemeji yangu hajafika akawasimulieni kwa chumvi zake, maana kila harusi tunayokutana lazima aliibue jambo hili, na mimi hubaki sina pa kuuficha uso.

Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara inaanza, sukari na sabuni zimerudi madukani (pesa ya kuzinunulia ndiyo ilikuwa haijarudi), na Tanga tumepata meya mpya. Mimi nilikuwa simpendi. Hajakaa vizuri kwenye kiti, taa za barabara za Raskazone, kwa wakubwa, zikawaka, mitaro ya sokoni ikazibuliwa, lakini bomba la mtaa wetu hapa Nguvumali, lililokauka tangu vuli, ukilifungua linakohoa hewa tu, na mke wangu Mama Zuhura, mjamzito, tumbo limeshamlemea, anafuata maji mtaa wa tatu na ndoo kichwani. Basi barazani kila jioni kazi yangu ni kumchambua: meya wa wakubwa, meya wa maneno.

Tukasikia anakuja mtaani kwetu Ijumaa baada ya swala, kusikiliza kero. Mama Zuhura akaniambia, "Baba Zuhura, kasemee maji. Usiende kugomba."

"Wewe ngoja uone," nikamjibu.

Ijumaa ilipofika, mlangoni mwa msikiti nikamkuta shemeji, aliyekuwa ameazima baiskeli yangu kwenda Tongoni. Baiskeli yenyewe nyeusi ya Kichina, kama za mji mzima, kengele imekufa na breki ni visigino vyangu. Akaninong'oneza, "Nimeiegesha pale ukutani, shemeji. Nimeitengeneza kidogo."

Imamu alipotoa salamu tu, nikainuka. Sikungoja dua wala suna, nilitaka kuwahi nafasi ya mbele mkutanoni (na hapo, jamani, ndipo nilipojiponza). Nikafika ukutani, nikakamata baiskeli nyeusi, nikaondoka. Njiani nabana breki, inashika! Napiga kengele, inalia! Nikamwombea shemeji dua palepale juu ya baiskeli, nikasema kumbe mtu huyu nimemdhania vibaya miaka yote.

Mtaani watu wamejaa, na kina mama wamepanga ndoo tupu mbele ya bomba ili meya azione. Tukangoja. Jua likatuchoma, meya hatokei. Mimi mdomo ukaniwasha, nikapiga kengele watu wanyamaze, nikaanza: "Mnaona? Mimi na yeye tumeswali msikiti mmoja. Mimi nimefika, yeye yuko wapi? Gari la manispaa halina mafuta, sawa, si ana baiskeli kama mimi?" Wakanipigia makofi, nami kwa raha zangu nikaipiga kengele tena.

Mara kona ya dukani tukasikia, "Njia! Njia! Haina breki!" Mtu kakunja kanzu magotini, miguu kaitanua, anakuja moja kwa moja mpaka katikati ya ndoo, zikaruka huku na huku, naye akakaa chini kati yazo. Hakuna aliyecheka, maana alikuwa Mstahiki Meya. Bi Mwanaidi, balozi wetu wa nyumba kumi, akamkimbilia kumpangusa vumbi, na kabla hajamaliza nikasikia sauti ya mke wangu, mkutano mzima unaisikia:

"Baba Zuhura! Ile si baiskeli yetu?"

Meya akasimama, akatoa salamu. "Mniwie radhi nimechelewa. Nimetoka msikitini nimekuta yangu haipo. Nikangoja mpaka watu wakaisha, ikabaki hii peke yake, nikasema aliyechukua ile ndiye mwenye hii." Macho yake yakaja taratibu, yakatua kwenye kengele niliyokuwa bado nimeishika.

Nyuma mtu akasema, "Mwizi!"

Neno hilo kwetu halingoji maelezo. Niliwaona vijana wameshaanza kupenya kunifuata, na niliogopa, siwafichi.

Meya akainua mkono. "Mwizi gani huyo, anayeleta mali kwenye mkutano wa mwenyewe?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Kisha akanigeukia. "Haya, ndugu yangu, nimekukuta unasema. Endelea."

Katika yote niliyoyapanga likatoka moja tu: "Karibu, Mstahiki Meya."

Maji aliyasemea Mama Zuhura, kwa upole, mkono kiunoni. Meya akaokota ndoo moja, akaitega bombani, akafungua mwenyewe. Likakohoa. Akalisikiliza mpaka likanyamaza, wala hakuahidi kitu. Lakini wiki haikwisha, mafundi wakawa wanachimba, na mdogo wake Zuhura alizaliwa maji yakiwa mlangoni. Siku hiyo ndipo nilipopumua kweli.

(Shemeji naye, nilipombana, matengenezo yake kumbe ni kuiosha.)

Kumsema meya sikuacha, hiyo ni haki ya mkazi, ila sasa kwanza natazama nimekalia nini. Na Ijumaa mimi ni wa mwisho kutoka: dua naisikiliza yote, suna naswali, halafu nasimama ukutani nangoja. Muda wote wa umeya wake, yule bwana akinikuta pale alikuwa akishika baiskeli na kuniuliza, "Nichukue hii?"

Nami namjibu, "Chukua tu, Mstahiki. Yangu ni hiyo itakayobaki."