Kofia ya Punje za Buni

Nikisikia harufu ya uzi wa sweta uliolowa, natoka nje haraka. Msinicheke. Ni harufu ya kawaida tu, ya kondoo aliyenyeshewa, lakini hunirudisha Kamachumu, nikiwa na miaka kumi, nimejificha kibanjani, katikati ya migomba yetu, nikiamini nimeua mtu.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Shangazi Adela, aliyewafundisha ufumaji akina mama wa kanisani, alinipa kibao chake kidogo: duara la mbao lililopigiliwa misumari kuzunguka ukingo. Akanionyesha mtindo wa rangi mbili aliouita punje za buni. Unazungusha uzi mweupe kwenye kila msumari. Mwekundu unashika mmoja na kuruka mmoja, na ukiupitisha mbele badala ya nyuma, kifundo kinatokeza nje. Kwa wiki mbili nilitoa matambara tu. Shangazi alisema mikono yangu imezoea kumenya ndizi, ina pupa. Kisha siku moja vifundo vikakaa sawasawa, nikafuma kofia ya mtoto wetu. Shangazi nilimdanganya kwamba ni ya mwanasesere.

Bibi mzaa baba akaiona. Yeye ndiye aliyekuwa mpole kuliko watu wote nyumbani, lakini siku hiyo sauti yake ilinitisha.

"Mawe, mama wee, Koku! Mtoto hafumiwi akiwa tumboni. Hajafika, unamvika nani?"

Kesho yake Mama akaanza kutokwa damu. Wakamkimbiza hospitali, Shangazi akafuatana naye.

Mimi nilikimbilia migombani na kofia yangu. Niliwaza kwamba nikiifumua yote, Mungu atanirudishia Mama na mtoto. Ole wangu, punje za buni hazifumuki kirahisi. Katika kila mstari nyuzi zimekumbatiana; unavuta mweupe, mwekundu unakaza. Mvua ikanikuta hapo hapo. Nikavuta kwa meno, nikisali Baba Yetu, nikikosea katikati na kuanza upya, maana niliogopa sala yenye makosa haifiki. Nilipomaliza nilibaki na lundo la uzi uliojikunja, unanuka mvua.

Asubuhi Tata, baba yangu, akarudi kutoka hospitali na baiskeli. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, mdogo mno, na mwili wake haukutunza joto. Nesi alitaka kofia, na zile za dukani zilimmeza mpaka kidevuni.

"Koku," Tata akasema, "shangazi yako anasema unajua kufuma."

Jana tu kofia ya kumtosha ilikuwapo. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamgeukia Bibi.

"Sasa inaruhusiwa?"

"Ameshafika. Fuma, mwanangu. Fuma upesi."

Bibi aliukausha uzi juu ya moto, mimi nikafuma nimesimama, machozi yakinizuia kuona misumari. Tata alisubiri mlangoni, ameshika baiskeli. Kofia ilitoka upande, vifundo vimetapakaa ovyo. Akaiingiza ndani ya shati, kifuani, akaondoka.

Mugisha aliishi. Leo ana kelele kuliko wanangu wote wawili.

Mwiko wa Bibi niliudharau kwa miaka mingi. Niliuona ni ushirikina uliokaribia kuniulia mdogo wangu. Kwa hiyo nilipobeba mimba ya kwanza, nikiishi Bukoba mjini, nilinunua kila kitu mapema na kukipanga kabatini: soksi, mashuka, blanketi la manjano. Mtoto wangu alizaliwa hakulia.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Bibi nyumbani kwangu. Alikuwa amesafiri kutoka Kamachumu na miguu yake mibovu ili anitangulie kufika. Kabati lilikuwa tupu, limefutwa vumbi. Hakunilaumu. Alinikalisha kitandani, akanivua viatu, ndipo akaniambia jambo ambalo hata Tata hakulijua: kwamba kabla ya kumzaa Tata huyo alimzika mtoto mchanga, na siku aliporudi nyumbani, nguo ndogo alizoshona zilikuwa bado zimekunjwa mchagoni mwa kitanda, na hakukuwa na mtu aliyeziondoa kabla hajaziona.