Maji Yalikuja Baadaye

Kaveke alikuwa ameendesha magari ya watu kwa miaka mingi kabla hajanunua lake. Mbuzi ndio waliomlisha. Aliwabeba kutoka vijiji vya nyuma ya Migwani, akawafikisha sokoni Mwingi, wenye mbuzi wakauza, naye akalipwa nauli yake. Njia za huko zimekatwakatwa na mito ya mchanga isiyo na madaraja, na mvua ikinyesha, mchanga ule humeza gari mpaka tumboni. Kwa hiyo akiba yake ilipofika kiasi cha kutosha, hakutaka pikapu yoyote tu. Alitaka fowili, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, na aliitaka mpya, yenye waranti.

Muuzaji wa Nairobi alimwonyesha picha kubwa ukutani: pikapu kama hiyo ikipasua theluji katika nchi za watu, magurudumu yakirusha mabonge meupe.

"Mama, ikiwa imeshinda theluji, mchanga wa Kitui ni nini?"

Kaveke alicheka, akatia sahihi.

Kiangazi chote gari halikumsumbua, wala hakuwa na haja ya fowili. Kisha mvua za Novemba zikafika. Siku moja alikuwa amembeba Kalekye, jirani yake mjane, pamoja na mbuzi ambao Kalekye alitaka kuwauza ili alipe karo. Walipofika mtoni mchanga ulikuwa umelowa, lakini maji hayakuwepo. Kaveke alisimama, akazungusha swichi ya fowili, taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, akaingia.

Katikati ya mto magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Ya mbele yalitulia tu kama mawe. Ile taa ikaanza kupepesa. Kaveke alizima fowili, akaiwasha tena. Wapi!

"Mama Mbithe, mbona hatuendi?" Kalekye alimuuliza Kaveke, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Imekataa kushika mbele."

Ndipo wakasikia mngurumo kutoka juu ya mto, huko ambako mawingu yalikuwa yamejaa tangu asubuhi. Mtu wa Ukambani haelezwi kwamba mlio huo ni wa maji. Waliruka nje. Kaveke alikata kamba za mbuzi, Kalekye akawavuta mbuzi kwa pembe, kwa masikio, kwa chochote kilichoshikika, akiwasukumia ukingoni. Wengi walipona. Watatu wa mwisho walichukuliwa na maji mekundu wao wawili wakiangalia, na maji hayo hayo yakapanda mpaka kwenye madirisha ya pikapu.

"Yule wa madoa alikuwa na mimba," Kalekye alisema.

Mto ulipokauka, watu walileta ng'ombe wa kulima wakaivuta pikapu nje, kisha ikabebwa kwa lori hadi Nairobi. Mkuu wa karakana ya wauzaji aliitwa Nthiwa. Kaveke alifurahi kusikia jina la nyumbani, akamsalimu kwa Kikamba. Nthiwa alijibu kwa Kiswahili, macho kwenye kompyuta.

"Mama, maji yameingia kwenye mota inayoingiza fowili. Waranti haigusi mambo ya maji."

"Maji yalikuja baadaye."

"Sisi tunaangalia tunachokiona. Tunaona maji."

"Lakini ingeshika, hayo maji yangenipatia wapi? Si ningekuwa ng'ambo!"

"Labda hukuiingiza vizuri. Si lazima ukanyage breki kwanza?"

"Nilikuwa nimesimama kabisa. Taa iliwaka."

Nthiwa alimwambia apige simu baadaye. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Akipiga simu, msichana mwenye sauti tamu humwambia asubiri, muziki unalia, simu inakatika. Akipiga tena, ni msichana mwingine, na hadithi inaanza upya tangu Migwani. Alichoka kuisimulia mpaka akaichukia sauti yake mwenyewe.

Hata nyumbani hakupata pa kupumulia. Kanisani walimwombea, kisha shemasi mmoja, mzee Kiema, akamvuta pembeni. "Mama Mbithe, haya magari ya kisasa ni ya kusomewa. Pengine ulisahau kubonyeza kitu?" Kaveke, aliyekuwa akiendesha malori wakati mzee huyo bado ana baiskeli, alimshukuru tu. Njiani alilia kwa hasira. Kibaya zaidi, alianza kujishuku. Taa iliwaka kweli?

Alimwendea Kalekye, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimkwepa kwa aibu tangu siku ile.

"Iliwaka," Kalekye alisema bila kufikiri. "Mimi sijui gari, lakini niliiona. Twende nikawaambie."

Walienda pamoja. Uani mwa karakana walikuta pikapu kama ile ile, hata rangi, na mwenyewe akiisubiri: Mutunga, mchuuzi wa kabichi kutoka Nunguni. Yake iligoma kwenye mlima, ikaanza kurudi kinyumenyume na mzigo wote.

"Kulikuwa na maji?" Kaveke aliuliza.

"Maji gani? Vumbi tupu! Wameniwekea mota mpya kwa waranti. Fundi aliniambia zimekuja nyingi zenye ugonjwa huo."

Kaveke alimshika mkono, akamwomba waingie pamoja, naye Mutunga hakukataa. Waliingia wote watatu kwa Nthiwa. Nthiwa aliwasikiliza, akafunga mlango, akashusha sauti. Wangemtengenezea Kaveke gari bure, kwa hisani, mradi atie sahihi kwamba gari lilitumiwa vibaya.

"Hisani ni ya aliyeomba," Kaveke alisema. "Mimi sikuomba. Nilinunua."

"Mama, si utapata gari lako? Shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba unataka niandike uongo juu yangu."

Nthiwa alipanda kwa wakubwa wake. Walikaa hapo mpaka njaa ikawauma. Aliporudi, neno hisani halikuwepo tena. Ilikuwa waranti, kama ilivyopaswa kuwa siku ya kwanza. Hakuna aliyeomba radhi.

"Na mbuzi wangu?" Kalekye aliuliza.

"Mbuzi hawamo kwenye waranti."

Kaveke alirudi nyumbani na gari zima, lakini hasira ilimchoma moyo njia nzima kuliko alipokuwa hana. Alimpelekea Kalekye mbuzi watatu kutoka zizi lake. Kalekye alichukua wawili, wa tatu akamrudisha. "Huyo ni deni la mto," alisema. "Si lako."

Mvua iliyofuata walifika tena pale mtoni. Fowili ilishika, pikapu ikavuka bila kuyumba, Kaveke akiwa peke yake ndani. Kalekye alikuwa ameshuka na mbuzi wake wote, akawavusha kwa miguu, polepole, akitazama juu ya mto kila hatua, huku Kaveke akimsubiri ng'ambo, injini ikinguruma.